Ishara ya Bubu ni Maneno: Jawabu ya Suali Lililotoka Runyenjes

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa uwezo wa kubainisha yaliyomo moyoni mwake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu Waislamu, chuo chetu kimepata barua kutoka kwa ndugu mmoja, mtu wa Pwani, ambaye riziki yake imempeleka Runyenjes, mji mdogo wa Embu ulio katika njia kuu iendayo Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Watu wetu wengi hawaijui nchi ile ila kwa muguka unaoshushwa Mombasa kila siku ukatafunwa mabarazani mpaka wakati wa swala ukapita. Safari hii huko kumetoka kitu bora kuliko muguka. Kumetoka suali la dini, na suali lenyewe limetushika sisi tulio mijini mwa Uislamu zaidi kuliko lilivyomshika aliyeliuliza.

Ndugu huyu aeleza kuwa Waislamu wa huko ni wachache, na kuwa kijana mmoja fundi wa cherehani, kiziwi tangu utoto wake, alikuwa akija kuketi karibu nao wanaposali, akitazama kwa makini. Siku zilipopita akawafahamisha kwa mikono kuwa ataka kuujua Uislamu na kuingia. Asema ndugu yetu: “Aliniuliza kwa ishara kwa nini twaweka paji la uso chini. Suali nililifahamu, na jawabu nilikuwa nayo, lakini mikono yangu haikuwa na lugha ya kumjibia.” Basi atuuliza mambo matatu. La kwanza: jee, shahada ya mtu kama huyu kwa ishara yasihi? La pili: jee, yafaa mtu asimame siku ya Ijumaa amfasirie khutba kwa mikono? La tatu: jee, kujifunza lugha hii ya ishara ni jambo la hiari tu, au kuna wajibu ndani yake?

Kabla ya kujibu, hapana budi tuondoe takataka zilizo njiani, kwani mtu hawezi kujenga juu ya kifusi.

Takataka ya kwanza ni dhana kuwa uziwi ni laana, au ni kazi ya jini, au ni hasadi ya jirani. Ni watoto wangapi katika miji yetu waliozaliwa viziwi, au waliopoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa surua, au kwa usaha wa masikio uliopuuzwa, kisha wazee wao wakauza hata kuku wa mwisho kwa ajili ya hirizi na makombe? Mwaka wapita, na wa pili wapita, na mtoto hajafundishwa hata jina la mama yake. Fedha ya mganga imepatikana. Wakati wa kumfundisha mtoto haukupatikana. Kumpeleka mtoto kwa daktari ni katika kufuata sababu alizoziweka Mwenyezi Mungu. Lakini kumfungia nyumbani kwa aibu ni kuikataa amana uliyokabidhiwa.

Takataka ya pili ni kubaya zaidi, kwa kuwa huvaa nguo za dini. Yuko mtu ambaye akisoma katika Kurani kuwa makafiri wameitwa viziwi na mabubu, hudhani kuwa aliyenyimwa kusikia kwa masikio amelaumiwa na Mola wake. Huku ni kutojua. Wanaolaumiwa katika aya zile ni watu wenye masikio mazima wasiotaka kusikia haki, na wenye ndimi fasaha wasiotaka kuikiri. Sura ya Al-Aaraf yaeleza wazi kuwa masikio wanayo, ila hawasikii kwayo. Basi uziwi unaolaumiwa ni wa moyo. Kijana wa Runyenjes, aliyekuja kuitafuta haki kwa macho yake ilhali masikio yake yamefungwa, na mtu wa mjini aisikiaye adhana mara tano kutoka misikiti minne na asiinuke barazani, ni yupi katika hao wawili aliye kiziwi?

Takataka ya tatu ni dharau. Sura ya Al-Hujurat imetukataza kuchekana na kuitana kwa majina ya kuchukiza. Nasi mitaani mwetu twamwita mtu “bubu” maisha yake yote, hata aliye jirani yake miaka ishirini hajui kuwa jina lake ni Salim. Neno bubu katika vitabu vya fiqhi latajwa kwa ajili ya kuhifadhi haki yake, wala halikuwekwa liwe jina la kumwitia.

Sasa na tuingie katika jawabu.

Suali la kwanza. Ishara si jambo geni katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Nabii Zakaria (a.s.) alipopewa bishara ya mwana, alama yake ilikuwa asiweze kusema na watu siku tatu ila kwa ishara; naye katika hali ile aliwatokea watu wake akawaashiria wamtakase Mola wao asubuhi na jioni. Tazama, ewe msomaji: Mtume wa Mungu aliamrisha ibada kwa ishara, na amri yake ikafahamika. Na Bibi Maryamu alipoulizwa na watu wake juu ya mtoto aliyembeba, hakuwajibu kwa ulimi. Aliashiria kwa mtoto, na ishara ile ikawa ndiyo jawabu. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa fasaha kuliko Waarabu wote, na pamoja na hayo alionyesha idadi ya siku za mwezi kwa vidole vyake, na akaonyesha ukaribu wake na mlezi wa yatima Peponi kwa vidole viwili. Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango mzima juu ya ishara katika talaka na mambo mengineyo.

Juu ya misingi hii wanavyuoni waliweka kanuni mashuhuri, kuwa ishara ya bubu iliyofahamika ni kama maneno yake. Na Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyosomeshwa katika darsa zetu za Kishafii, ameeleza kuwa ishara ya bubu huzingatiwa katika mikataba na katika kuifungua mikataba. Ikiwa yafahamika na kila mtu, huhesabiwa ni tamko la wazi. Na ikiwa hawaifahamu ila wenye werevu, huhesabiwa ni kinaya. Naye huyo huyo amesema katika Rawdha kuwa Uislamu wa bubu wasihi kwa ishara yenye kufahamika. Na yako maneno ya waliosema kuwa hahukumiwi Uislamu mpaka asali baada ya ishara yake, lakini kauli sahihi ni ile ya kwanza. Basi mwambieni kijana, kwa mikono, karibu katika dini ya Mola wako. Afahamishwe maana ya shahada kwanza, kisha aishuhudie kwa ishara yake, naye ni ndugu yenu, ana haki mlizo nazo na juu yake ni yaliyo juu yenu. Na katika swala yake atafanya awezalo, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi yoyote zaidi ya uwezo wake.

Lakini simameni kidogo katika ile kanuni. Wanavyuoni hawakusema “ishara ya bubu” tu, wamesema iliyofahamika. Na kufahamika kwataka watu wawili: mwenye kuashiria na mwenye kutazama. Ikiwa kijana amejua kusema kwa mikono yake nasi hatujui kusoma mikono hiyo, hapo upungufu ni wa nani? Sharia imempa sauti, kisha ujinga wetu ukamnyang’anya.

Na madhara yake si madogo. Tupige mifano miwili. Mtu amefariki akaacha watoto wanne, mmoja wao kiziwi. Ndugu zake wakutana, wauza shamba, kisha wamletea karatasi aitie kidole. Yeye aona nyuso za ndugu zake zacheka, naye atia kidole. Sehemu aliyowekewa na Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa imekwenda, wala hakuna aliyemwibia usiku. Wamemwibia mchana, kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Twajua katika hadithi za Mtume (s.a.w.) kuwa mwanamwali huombwa idhini katika ndoa yake, na kuwa kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Sasa yuko msichana kiziwi. Posa imeletwa, wazee wamezungumza mbele yake, naye amenyamaza, ikasemwa amekubali. Ndugu zangu, kimya kilichofanywa kuwa idhini ni kimya cha mtu aliyesikia suali akaona haya kulijibu. Huyu hakuulizwa. Kunyamaza kwake ni kunyamaza kwa asiyejua kuwa nyumba nzima yamzungumza yeye. Mwenye kumuozesha na amuulize kwa lugha aifahamuye, na atake jawabu ya mikono yake. Asijifiche nyuma ya hadithi ilhali ameiacha maana yake.

Suali la pili, nalo ni la khutba. Makusudio ya khutba ni kuwaidhi na kukumbusha, na anayefikishiwa mawaidha kwa macho amefikishiwa. Atasema mtu: “Lakini imepokewa kuwa mwenye kuchezea vijiwe wakati wa khutba amefanya upuuzi, itakuwaje mtu achezeshe mikono tangu mwanzo mpaka mwisho?” Hoja hii yastahili kujibiwa, nasi twasema: kuchezea vijiwe ni kujishughulisha na kuiacha khutba, na kufasiri ni kujishughulisha na khutba yenyewe. Aliyekatazwa ni anayejitenga na mawaidha, wala huyu hajitengi nayo, bali ayafikisha. Wala mwenye kufasiri hatoi sauti ya kumkatizia khatibu. Basi na akae safu ya mbele upande mmoja, penye mwanga, mbele ya wale wanaomhitaji, na wao waketi mahali wamwonapo yeye na khatibu pamoja. Wala si jambo tunalolizua sisi. Katika Misikiti Miwili Mitukufu ya Makka na Madina khutba ya Ijumaa hufasiriwa kwa lugha ya ishara. Ikiwa pale hapana aliyeona ubaya, sisi tulio nyuma yao kwa elimu twaogopa nini?

Suali la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Imamu Ahmad amepokea hadithi ya Abu Dharr (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) alizihesabu sadaka zisizohitaji mali, akataja kumwongoza kipofu njia, na akataja kumsikilizisha kiziwi na bubu mpaka afahamu. Yapimeni maneno haya ya mwisho: mpaka afahamu. Haikuwa sadaka kumpungia mkono kwa mbali na kumpa shilingi siku ya Idi. Mpaka wa sadaka hii ni ufahamu. Na ufahamu hauji ila kwa lugha.

Na Mwenyezi Mungu ametufunza katika Sura ya Ibrahim kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Lugha ya viziwi ni ipi? Si makelele ya kuwapigia masikioni, wala si ishara za kubahatisha tulizozizua sisi wenyewe. Wanavyuoni wa lugha, tangu utafiti wa Mmarekani William Stokoe uliotoka mwaka 1960, wamethibitisha kuwa lugha za ishara ni lugha kamili, zina msamiati wake na sarufi yake. Umbo la kiganja, mahali kinapowekwa, na mwendo wake, hubadilisha maana kama herufi moja ibadilishavyo neno. Na uso nao husema, hata kuinua nyusi kwaweza kuwa suali. Wala si lugha moja ya dunia nzima: ya Kenya ni mbali na ya Tanzania, na ya Marekani ni mbali na ya Uingereza, ijapokuwa watu wa nchi hizo mbili husikilizana kwa Kiingereza. Hizi nazo ni katika tafauti za lugha ambazo Sura ya Ar-Rum imezihesabu kuwa ni katika dalili za Mwenyezi Mungu.

Watu walikosea zamani katika jambo hili. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaamua kuwa mtoto kiziwi afundishwe kwa kutamka peke yake na mikono iachwe. Na kwa muda mrefu watoto katika shule nyingi duniani walikatazwa lugha yao. Mkutano wa namna hiyo hiyo uliofanywa Vancouver, Canada, mwaka 2010 uliyakataa maazimio yale na kuonyesha majuto. Na mwaka huo huo wa 2010 Katiba mpya ya Kenya, katika kifungu cha 120, iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Uganda nayo iliitaja lugha ya ishara katika katiba yake ya mwaka 1995. Basi Bunge limeifungulia mlango. Misikiti na vyuo vyetu bado vimefunga komeo.

Hapa pana neno chungu, nalo hatuna budi kulisema. Shule za kwanza za viziwi katika Kenya, Mumias na Nyang’oma, zilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1961. Na ile ya Tabora katika Tanganyika, mwaka 1963, nayo ni kazi yao. Huko anakokaa ndugu yetu, Embu kuna Shule ya Viziwi ya St. Luke’s, na Meru kuna ya Kaaga. Zote mbili asili yake ni makanisa. Hatuyasemi haya kwa kuwatia watu ila; waliofundisha watoto waliosahauliwa wamefanya wema, na wema huhimidiwa popote utokapo. Twayasema ili tujiulize sisi. Mtoto wa Kiislamu aliye kiziwi akirejea kutoka shuleni, akija na lugha, hadithi za Musa na Yusufu amezijua kwa mikono ya nani? Na akiingia katika chuo chetu, mwalimu humwambia mzee wake, “Huyu hasomeki.” Hasomeki, au sisi ndio tusiojua kusoma? Kwetu Pwani ziko shule za viziwi za Ziwani, Mombasa, na Kibarani, Kilifi. Ni mwalimu gani wa dini aliyekwenda kubisha hodi pale kuomba afundishwe lugha, kabla ya kuomba kufundisha?

Wala wasidhani watu kuwa twazungumzia mtu mmoja au wawili. Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 waliohesabiwa kuwa na shida ya kusikia, wa miaka mitano na zaidi, walipita 150,000. Wamo katika kila mtaa. Ila kwa kuwa hawasemi kwa sauti, twajidanganya kuwa hawapo.

Basi hukumu tunayoiona ni hii: kuwapo katika kila mji wa Waislamu watu wanaoijua lugha ya ishara kwa kadiri ya kufundisha dini, kufunga ndoa, kuandika wasia na kufasiri khutba, ni fardhi kifaya. Wakisimama baadhi, wengine wamesalimika. Na pasiposimama hata mmoja, dhambi yatuenea sote, imamu na maamuma, tajiri na mchukuzi. Na kwa mzee wa mtoto kiziwi jambo hili si la kifaya tena, ni juu ya shingo yake yeye mwenyewe, kwani malezi ya mwana hayatimizwi na jirani. Mama na aanze angali mtoto mdogo, maana akili ya mtoto hukua kwa lugha, na kila mwaka apitishao bila lugha ni mwaka aliodhulumiwa.

Atakayesema, “Mimi nimekuwa mtu mzima, lugha mpya itaningia lini?” na amkumbuke Zaid bin Thabit (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa palikuwa na haja, naye asema hazikupita ila siku kama kumi na tano akawa ameyajua. Sisi hatutafanya kama Zaid. Lakini siku kumi na tano zatosha kujua salamu, majina ya watu wa nyumbani, nyakati za swala, halali na haramu. Muguka huchukua saa nyingi zaidi ya hizo.

Tumalizie kwa mambo manne ya kutendwa. Kwanza, jifunzeni kwa viziwi wenyewe na kwa walimu wao, wala msizue ishara zenu mkawalazimisha. Hata maneno ya dini, kama zaka na udhu, waulizeni viziwi Waislamu wayatumia vipi, kisha mkubaliane. Pili, kila msikiti utoe vijana wawili, mwanamume na mwanamke, na gharama yao ya kujifunza itolewe na wenye mali. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea. Tatu, mwenye kufasiri ajue kuwa ameshika amana: asizidishe, asipunguze, asimjibie mtu kabla hajajibu mwenyewe, wala asitoe siri aliyoiona katika mikono ya mtu. Nne, makadhi na wanaofungisha ndoa na wanaogawa mirathi wasipitishe neno juu ya kiziwi mpaka apatikane wa kumfahamisha, hata kama jambo litachelewa wiki nzima. Kuchelewa kwa haki ni shida, na kuipitisha dhulma kwa haraka ni msiba.

Na ndugu yetu wa Runyenjes twamwambia: wewe umekwisha kuanza, kwani umelifahamu suali. Endelea, mwalimu wako ni huyo huyo kijana. Akufundishe mikono, nawe umfundishe sijida.

Ewe Mola wetu, tufungue mioyo tuliyoifunga kwa mikono yetu wenyewe, utujaalie katika wanaosikia wakafuata yaliyo mema, wala usitufufue Siku ya Kiyama tukidaiwa na viziwi wetu kuwa tulijua njia wala hatukuwaonyesha. Na mwisho wa maombi yetu ni kumhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Amin.